Fari za manjano: jinsi ya kuzipima, kuzisugua na kuzilinda katika jua na vumbi la Goma

Ukitoka Sake usiku kuingia Goma, lori linalokuja mbele yako halikupi shida, lori utaliona. Shida ni chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili wa kubebea mizigo. Inateremka imejaa makaa, haina taa, haina hata kibandiko cha kung'aa, na anayeiendesha amevaa nguo zenye rangi ileile ya barabara. Dereva mwenye fari (taa za mbele) safi atamwona mapema na kupunguza mwendo. Mwenye fari za manjano atamwona akiwa ameshafika.

Na fari za manjano ndizo tulizonazo kwa wingi. Simama kidogo Rond-point Chukudu mchana, uangalie Corolla, RAV4, Noah na Harrier zinavyozunguka: nyingi zina mtoto wa jicho. Wenyewe wamezoea, wanasema gari limezeeka tu. Mwaka 2018 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima fari zilizochakaa na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa fari mpya. Zilizosuguliwa na kung'arishwa vizuri zilirudi hadi karibu asilimia 70. Hazikuwa mpya tena, lakini tofauti ya 20 na 70 barabarani ni kubwa mno.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani kwa nusu siku. Ila kusugua ndiyo sehemu rahisi. Watu wengi hapa mjini wamesuguliwa fari zao, zikang'aa, na baada ya miezi michache zikarudi mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu aliyesugua aliishia pale pa kung'aa. Mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye mambo mawili yanayorukwa: kupima kabla ya kugusa msasa, na kulinda baada ya kumaliza.

Fari inachakaa vipi

Zamani fari zilikuwa za kioo. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji walianza kuhamia kwenye plastiki ngumu iitwayo polikaboneti: ni nyepesi, haipasuki ovyo ikipigwa na jiwe, na inafinyangwa kwa umbo lolote. Udhaifu wake ni miwili. Inakwaruzika kirahisi, na miale mikali ya jua, ile inayoandikwa UV kwenye makopo, inaiozesha. Kwa hiyo kiwandani huivika ngozi nyembamba ya vernisi ngumu ya kuikinga. Ngozi hiyo ndiyo inayokufa kwanza: inapauka, inabanduka vipande vipande, na plastiki ya chini inabaki bila kinga. Hapo ndipo umanjano unapoingia.

Juu ya hayo kuna mambo ya kwetu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya ikweta, na kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Mawingu mepesi hayaizuii. Kisha kuna vumbi. Mji umekaa juu ya lava, ule mtiririko wa Januari 2002 ulipita katikati yake, na mitaa mingi imemwagiwa mawe meusi yaliyosagwa. Vumbi la mawe hayo lina chembe za kioo cha volkano, ngumu kuliko polikaboneti. Kijana anayekupangusia fari kwa kitambaa kikavu pale parkingi ili umpe kitu kidogo, anakuchubulia ngozi ya fari bila kujua. Mpe kitu chake, lakini mwambie asiguse fari.

Tena magari yetu mengi hayakufika yakiwa mapya. Yametumika Japani kwa miaka, yakashukia Mombasa au Dar es Salaam, ndipo yakapanda huku. Ngozi ya fari imeshaanza kuchoka kabla hata gari halijavuka mpaka.

Pima kwanza

Fari hafifu ina sababu nyingi, na msasa unatibu moja tu. Usinunue chochote kabla ya kupita hapa.

Anza kwa ukucha. Gonga uso wa fari: kioo kinalia kwa sauti kali na ni baridi mkononi, plastiki inatoa sauti butu. Land Cruiser za zamani na malori mengi ya kazi bado yana fari za kioo. Kioo hakigeuki manjano wala hakipigwi msasa. Ikiwa fari ya kioo imefifia, angalia ndani: rifleta, ile bakuli ya ndani inayorudisha mwanga mbele, imeshika kutu au imepoteza rangi yake ya fedha, na hapo dawa ni kubadilisha.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu: maji. Osha fari, ikauke kabisa, uitazame ilivyo na ukungu. Sasa imwagie maji kidogo na uangalie haraka kabla hayajateremka. Ukiona ukungu umepotea ghafla, ampuli (balbu) na rifleta vinaonekana wazi, basi ubovu uko juu juu tu, kwenye mikwaruzo na ngozi iliyochakaa. Maji yameijaza mikwaruzo na mwanga ukapita bila kutawanyika. Unavyoiona fari ikiwa imelowa, karibu ndivyo itakavyokuwa ukimaliza kazi. Umanjano kidogo unaweza kubaki hata ikilowa. Huo usikutishe, kwa kawaida unatoka pamoja na ngozi ya juu. Lakini ikiwa imelowa chepechepe na bado ina ukungu mzito, basi ama ukungu uko upande wa ndani, ama plastiki yenyewe imeingiwa na nyufa.

Ili ujue ni lipi kati ya hayo mawili, subiri giza, washa tochi ya simu na uilaze kando ya fari, mwanga upite ubavuni. Nyufa zitajitokeza: mtandao wa mistari mifupi inayometa kila ukisogeza tochi. Pitisha ukucha juu yake. Usipokwama popote, nyufa ziko ndani ya unene wa plastiki. Msasa utaondoa zile za juu, za chini zitabaki, na fari itakuwa nzuri kiasi lakini si safi. Kwa gari la kwenda sokoni mchana inatosha. Kwa gari linalosafiri usiku, anza kutafuta fari nyingine.

Kuna pia maji yaliyoingia ndani. Ukungu mwepesi asubuhi unaoondoka baada ya kuwasha fari nusu saa si ugonjwa. Maji yaliyotuama chini, au matone yasiyoisha, ni ugonjwa. Fungua boneti uangalie nyuma ya fari kabla ya kulaumu kiwanda: mara nyingi mfuniko wa mpira unaokaa nyuma ya ampuli haupo, fundi aliyebadilisha ampuli aliuacha mezani. Rudisha mfuniko, ondoa ampuli, acha fari ikauke juani siku nzima, kisha funga. Kama ufa uko kwenye gamba la plastiki, zibe kwa silikoni isiyonuka siki. Kufungua fari yenyewe kwa kuipasha moto ili gundi iachie, hiyo si kazi ya nyumbani.

Mwisho ni umeme, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ampuli ya halojeni ni nyeti sana: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Washa injini na fari, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya ampuli. Betri ikionyesha 14 na soketi 12, volti 2 zimepotea njiani: kwenye swichi, kwenye nyaya zilizoungwa kwa mkono, au kwenye waya wa masi, ule unaounganisha umeme na bodi, wenye kutu. Safisha masi kwanza. Ampuli yenyewe ikiwa nyeusi kwa ndani, ibadilishe, na uibadilishe bila kuigusa kioo chake kwa vidole vitupu, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaacha doa linalopata moto zaidi na kuifupishia maisha. Kama gari lako lina fari za zenoni, zima kila kitu na usiguse soketi. Zinapowashwa zina umeme wa maelfu ya volti.

Na tafadhali, usitibu fari ya manjano kwa ampuli ya wati 100. Kiwanda kiliweka 55 au 60 kwa sababu soketi, nyaya na rifleta vimepimwa kwa joto hilo. Ukizidisha, soketi inayeyuka na rifleta inaungua hadi inapata doa la kijivu ambalo msasa hautalifikia kamwe.

Njia za mkato

Dawa ya meno inafanya kazi, nisiwe mwongo. Ina chembe laini za kusugulia, na kwenye fari yenye ukungu mwepesi tofauti utaiona palepale. Lakini haiondoi ngozi iliyooza na haiachi kinga yoyote. Itumie ukitaka kujua kama fari inarekebishika, usiitegemee kwa safari.

Vingine ni vibaya kabisa. Dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET inayeyusha uso wa plastiki. Fari inang'aa kwa sababu imeyeyuka, kisha inanata na kuchakaa upesi. Mafuta ya breki yanaficha mikwaruzo kwa siku kadhaa, na tone likiangukia bodi linakula rangi. Petroli, tina (thinner) na asetoni zinaipasua polikaboneti, hata kama mwanzoni zinaonekana kusafisha.

Ukienda kununua gari lililotumika, kumbuka jambo hili: muuzaji anaweza kupaka mafuta kwenye fari asubuhi hiyo. Omba maji na sabuni, osha fari moja mbele yake, subiri ikauke. Fari itasema ukweli wake.

Vitu vya kununua

Msasa wa maji, ule mweusi wa wapaka rangi, usiwe wa mbao maana huo unafumuka ukilowa. Tafuta namba 600, 800, 1000, 1500, 2000 na 3000. Namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) ya kawaida itakuwa na hadi 1000; kwa namba za juu nenda kwa wauza rangi za magari. Skochi (utepe wa kubandika) ya karatasi ya wapaka rangi, usitumie ile ya kahawia ya kufungia makartoni kwa sababu inaacha gundi. Pati ya kung'arishia rangi ya gari. Alkoli ya asilimia 70 kutoka duka la dawa. Vitambaa laini visivyo na nyuzi, sabuni ya maji, kopo la kunyunyizia. Na kipande cha kandambili iliyochoka, ukikate saizi ya kiganja: ukizungushia msasa humo, shinikizo linasambaa sawasawa na linafuata mviringo wa fari. Ukisugua kwa ncha za vidole utachimba mifereji.

Na kinga. Kama bajeti inabana, punguza kwingine kote, lakini kinga usiitoe. Nitairudia chini.

Maji nayo yanataka umakini. Kwetu maji yanafika kwa bidoni (madumu), na chini ya bidoni huwa kuna mchanga mweusi. Acha yatulie usiku kucha, mimina ya juu kwenye ndoo safi, yachuje kwa kitambaa. Chembe moja ya mchanga ikinaswa chini ya msasa wa 2000 itaacha mstari utakaokurudisha hadi 1000 kuufuta.

Kazi yenyewe

Chagua asubuhi isiyo na upepo, mahali penye kivuli, mbali na barabara ya vumbi. Osha fari na eneo lote linaloizunguka kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, kausha. Fungua boneti kidogo. Bandika skochi tabaka mbili au tatu kwenye rangi ya bodi na bampa kuzunguka fari, uibane vizuri kwenye kona. Skochi ndiyo inayotenganisha fari iliyopona na bodi iliyochubuka. Kona ya boneti huchubuka kabla ya yote.

Loweka msasa dakika 10 hadi 15. Namba ya kuanzia inategemea ulichokiona wakati wa kupima. Ukungu mwepesi na ngozi bado imeshika: anza na 1000. Manjano ya wazi: 800. Ngozi inabanduka na ukipitisha kidole unahisi kingo zake: 600. Watu wanaogopa namba ya chini, wanaanza na 1500 na kusugua hadi wanachoka bila mafanikio. Msasa laini hauwezi kuondoa ngozi ngumu iliyokufa, unaing'arisha tu.

Sugua kwa mistari iliyonyooka, kulia na kushoto, fari yote, bila kuzungusha. Nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni kila wakati. Usikandamize, uzito wa mkono unatosha. Sasa angalia maji yanayotiririka chini ya fari, maana ndiyo yatakayokuongoza. Mwanzoni yatakuwa ya manjano, machafu, mazito kidogo. Endelea. Pole pole rangi inapungua, inakuwa krimu, mwishowe yanatoka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Weupe huo ni plastiki nzima. Maji yakiwa bado ya manjano upande mmoja, upande huo haujaisha, hata kama mkono umechoka.

Kisha kausha fari kwa kitambaa na uitazame kwa pembeni. Inapaswa kuwa na ukungu wa kijivu ulio sawa kila mahali, hauoni chochote ndani. Wengi hushtuka hapa, wanadhani wameua fari. Hapana, ndivyo inavyotakiwa. Cha kuogopa ni madoa yanayometa katikati ya ule ukungu: hayo ni visiwa vya ngozi ya zamani. Ukiviacha, vitaonekana mwishoni kama mabaka na vernisi mpya haitashika juu yake. Rudi na namba ileile hadi viishe, hasa kwenye kingo na pale fari inapopinda kuelekea ubavuni.

Ukihamia namba inayofuata, geuza mwelekeo. Kama ulisugua kulia na kushoto, sasa sugua juu na chini. Sababu ni ya kuona: mikwaruzo ya namba ya nyuma inalala upande mmoja, ya sasa upande mwingine, na utajua umemaliza pale mistari ya zamani inapopotea yote. Kati ya namba na namba, suuza fari, suuza mikono, badilisha maji ya ndoo. Kila hatua itakuchukua dakika 5 hadi 10 kwa fari moja, ya kwanza zaidi.

Unapofika 1000, amua utalinda kwa njia gani, maana hapo njia zinaachana. Ukitaka kupuliza vernisi ya kopo, ishia 1000 au 1500 na usipake pati kabisa. Vernisi itajaza mikwaruzo midogo yenyewe na inahitaji uso wenye mikwaruzo kidogo ili ishike. Ukitaka kupaka kwa kitambaa, au kubandika filamu, endelea 1500, 2000, hadi 3000.

Anayeendelea hadi 3000 na kutegemea filamu au nta atang'arisha kwa pati. Kama una umeme na dreli yenye sponji, weka mwendo wa chini na isogeze muda wote. Ikisimama mahali pamoja joto linapanda na plastiki inalainika. Gusa fari kwa kiganja kila baada ya sekunde chache: ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, pumzika. Umeme usipokuwepo, mkono unatosha, ila utatoka jasho. Paka kidogo, sugua kwa mizunguko midogo hadi pati ikauke, futa, rudia.

Kinga

Ulichokifanya hadi hapa ni kuondoa ngozi ya kiwanda, au mabaki yake. Fari inang'aa, lakini iko uchi kabisa mbele ya jua. Ukiishia hapa, kwa jua la Goma, umanjano utarudi baada ya miezi, na mara hii hakuna hata mabaki ya ngozi ya kuuchelewesha. Fundi atakayekwambia "imeisha" wakati huu, muulize ataipaka nini.

Iliyo bora ni vernisi ya magari yenye hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), iliyoandikwa anti-UV. Inauzwa kwenye makopo ya kupuliza yenye kitufe chini. Ukikibonyeza, hadina inachanganyika ndani na una saa chache tu kabla haijagandia humo. Kwa hiyo ongea na jirani, fanyeni magari mawili siku moja, kopo lisiharibike. Futa fari kwa alkoli, iache ikauke, usiiguse tena kwa mkono. Funika bodi, magurudumu na kioo cha mbele kwa magazeti, kwa sababu ukungu wa vernisi unasafiri. Puliza umbali wa sentimita 20 hadi 25: kwanza tabaka jepesi, karibu vumbi tu, subiri kama dakika 10, halafu tabaka mbili zilizojaa, kila moja ikipewa muda wa kushika kama kopo linavyosema. Anza kupuliza nje ya fari na umalizie nje yake, vinginevyo itateremka machozi. Wacha saa 24 kabla ya kuosha gari au kulipeleka kwenye vumbi.

Onyo moja ambalo silipunguzi: mvuke wa vernisi yenye hadina unaumiza mapafu, na unaweza kumwanzishia mtu pumu. Barakoa ya hospitali haizuii. Inatakiwa ile yenye vichujio pembeni inayotumiwa na wapaka rangi, na kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali. Usipokuwa nayo, mpelekee fundi wa rangi afanye tabaka hizo tu, kusugua umeshajifanyia.

Njia ya pili ni ya bei nafuu na haihitaji kupuliza. Chukua vernisi ya mbao za nje, ile ya boti, iliyoandikwa wazi kuwa inazuia UV. Ichanganye nusu kwa nusu na waitispiriti, usitumie tina. Fari iwe imefika 2000 au 3000 na imefutwa kwa alkoli. Lowesha kitambaa kisicho na nyuzi, pitisha mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, mstari karibu na mstari, na usirudi nyuma hata ukiona umeruka mahali. Utapaka tabaka la pili baada ya la kwanza kukauka. Haidumu kama ile yenye hadina na utairudia mapema zaidi, lakini inalinda kweli.

Filamu ya kubandika nayo ni nzuri ukiipata, kwani inapokea mawe badala ya fari. Nta ya gari peke yake ni kinga dhaifu. Ukiwa na nta tu, ipake kila mwezi.

Elekeza mwanga

Fari iliyopona ina nguvu mpya, na mwelekeo mbaya ambao jana haukumsumbua mtu, leo utampofusha motari (dereva wa pikipiki) anayekuja mbele. Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta. Mtaani kwenye lava utahangaika, kituo cha mafuta chenye sementi ni bora. Hakikisha tairi zina upepo sawa, weka gari mita 5 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya ampuli, weka alama ya skochi ukutani kwa urefu huohuo. Washa mwanga wa chini. Mstari wa juu wa mwanga unapaswa kukaa sentimita 5 hadi 6 chini ya alama. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma ya fari, mara nyingi unazifikia kwa juu ukifungua boneti.

Wakati uko hapo, angalia umbo la mwanga. Mwanga wa chini una upande mmoja unaopanda kidogo ili kumulika kando ya njia. Gari lililotengenezwa kwa Japani, ambako wanaendesha kushoto, linapandisha mwanga upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo upande huo unaingia moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kung'arisha fari za gari la usukani wa kulia bila kulijua hili ni kuhamishia hatari kwa mwenzako. Fari chache zenye lenzi ya mviringo ndani zina kiwiko cha kugeuza upande. Soma kitabu cha gari au chungulia nyuma. Zisipokuwa nacho, bandika kipande kidogo cha skochi nyeusi kwenye sehemu ya fari inayotoa mwanga ule unaopanda, ukijaribu mbele ya ukuta hadi upotee, na ushushe mwelekeo kidogo.

Baada ya hapo

Osha kwa maji kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi la volkano liondoke na maji kabla chochote hakijagusa fari. Egesha pua ya gari kivulini au kuelekea ukuta uwezapo. Juu ya vernisi, paka nta kila miezi miwili au mitatu, hasa Juni hadi Agosti wakati wa vumbi. Rudia kipimo cha maji mara moja kwa mwaka. Ukiona ngozi mpya inaanza kupauka, isugue kwa 1500 na upake tena kabla haijabanduka, ni kazi ya saa moja.

Fari yenye ufa unaopitisha maji, rifleta iliyoungua, au nyufa za ndani zilizoenea, hiyo badilisha. Ukiagiza iliyotumika kutoka Kampala au Nairobi, kumbuka huko nako wanaendesha kushoto, na fari utakazoletewa zitakuwa za upande huo. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara kwenye uso wa fari, na uangalie kama kuna mshale karibu yake. Fari yenye alama hiyo isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia, kama kwetu. Yenye mshale mmoja ni ya kuendesha kushoto. Yenye mshale wa pande mbili inafaa kote. Muuzaji akikutumia picha ya mbali, mwombe picha ya alama hiyo kabla hujatuma pesa.